Maswali ya Wasomaji: Ile Nyota Kali Juu ya Ziwa ni Sayari Gani?

Tangu Juni, sayari za Zuhura na Mshtarii zilipokaribiana jioni upande wa magharibi, barua za anga zimezidi zile za kilimo na afya kwenye safu hii. Kwa hiyo toleo hili la Agosti 2026 tumeliachia anga peke yake. Majira yote tuliyoandika ni ya mtu aliye Mwanza. Aliye Bukoba aongeze kama dakika 4, aliye Musoma apunguze hizo hizo. Saa ni zetu za Kiswahili.

Swali: Ndugu mhariri, hongereni kwa kazi. Mimi nakaa Kirumba, na kutoka uani naliona ziwa. Kila jioni jua likishazama inatokea nyota moja kali sana upande wa magharibi, inazitangulia nyingine zote. Jirani yangu anasema ni setilaiti ya kupigia picha. Ni nini hasa?

Jibu: Ni Zuhura. Mwambie jirani kwamba setilaiti unayoweza kuiona kwa macho hukatiza anga ndani ya dakika chache na kupotea. Hiyo yako ipo mahali karibu pale pale kila jioni, wiki baada ya wiki, na ikishuka inashuka polepole pamoja na nyota za jirani yake.

Mwezi huu ndio inaonekana vizuri kuliko miezi yote ya mwaka. Tarehe 15 Agosti itakuwa imefika mbali na Jua kwa kadiri inavyoweza, nyuzi 46 hivi. Jua la Mwanza sasa linazama kama saa 12:54 jioni. Toka nje saa 1:05, tazama kushoto kidogo ya pale jua lilipozamia, kisha pandisha macho. Nyoosha mkono mbele yako, kunja ngumi, uweke usawa wa upeo wa ziwa, halafu pandanisha ngumi juu ya ngumi. Ngumi moja ya mkono ulionyooshwa ni nyuzi 10 hivi. Zuhura utaikuta kwenye ngumi ya nne.

Ngumi hizo zina kazi nyingine pia. Kwa kuwa tuko karibu kabisa na ikweta, Jua na sayari huku kwetu hushuka karibu wima, si kwa mshazari kama zinavyoshuka Ulaya. Anga linazunguka nyuzi 15 kwa saa, hivyo ngumi moja ni sawa na dakika 40. Ngumi 4 ni saa 2 na dakika 40: ukiipima saa 1 usiku, tegemea kuiona ikizama kama saa 3:40. Hesabu hii inafaa kwa sayari yoyote inayoelekea kuzama, na inakosea kwa dakika chache tu.

Hapo chini kabisa, kwenye upeo, ndipo watu wanapochanganya mambo. Usiku wa giza mitumbwi ya dagaa inawasha taa zake, na taa ya sola iliyo mbali hufanana kabisa na sayari iliyo karibu kuzama. Usibishane na mtu. Egemea nguzo au mti, linganisha ule mwanga na tawi au ukingo wa paa, usubiri dakika 10. Sayari itakuwa imeshuka nyuzi 2 na nusu, zaidi ya upana wa kidole gumba cha mkono ulionyooshwa. Taa ya mtumbwi itakuwa bado iko majini, labda imesogea pembeni.

Kuanzia Septemba Zuhura itaanza kuteremka, na mwisho wa mwezi huo utaipata kwenye ngumi 3. Lakini mwanga wake hautapungua, utaongezeka; itakuwa kali kupita kiasi katikati ya Septemba na siku chache baadaye. Sababu ni kwamba inatukaribia. Upande wake wenye mwanga unazidi kutupa mgongo, kwa hiyo kwenye darubini inaonekana kama hilali, ila hilali yenyewe inazidi kuwa kubwa. Oktoba 24 itapita kati yetu na Jua, na Novemba utaikuta mashariki alfajiri.

Swali: Shikamooni. Mimi ni mwanafunzi wa darasa la sita, Sengerema. Mwalimu alitufundisha sayari nane. Ninaweza kuziona ngapi bila darubini, na nitajuaje kama ninayoiona ni sayari, siyo nyota?

Jibu: Marahaba, mwanetu. Utaziona tano: Zebaki, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali, ambayo kitabu chako huenda kinaiandika Sarateni. Ya sita unaikanyaga. Uranus iko kwenye kikomo kabisa cha jicho zima, penye giza totoro na kwa anayejua pa kutazama. Neptuni haionekani bila darubini.

Kuzitambua, anza na mahali ilipo. Sayari zote hupita njia ile ile unayoona Mwezi unapita, kutoka mashariki kwenda magharibi, na hapa kwetu njia hiyo inakaribia utosi. Kwa hiyo mwanga mkali ulio chini upande wa kusini kabisa si sayari hata ungeng'aa namna gani: mara nyingi ni Suheli, nyota ya pili kwa ukali angani. Hali kadhalika chochote kilicho chini kabisa upande wa kaskazini.

Pili, tazama kama inametameta. Nyota iko mbali mno hata inakuwa nukta tupu, na hewa ikitikisika kidogo tu, nukta hiyo inarukaruka. Sayari ina upana. Mshtarii ikiwa karibu nasi ina upana wa sekunde za tao 45 hivi (nyuzi moja ina sekunde za tao 3,600), kwa hiyo mtikisiko wa sehemu moja unafidiwa na sehemu nyingine, na mwanga unatulia. Lakini usiitumie alama hii kwa kitu kilicho chini ya ngumi moja na nusu kutoka upeo. Hewa ya juu ya ziwa jioni ni nzito na haitulii, na kwa huko chini hata Zuhura hurukaruka, ikabadilika nyekundu na kijani. Watu wengi wanaosema wameona kitu cha ajabu Ziwa Victoria wameona Zuhura inazama.

Tatu ni subira. Chora kwenye daftari ile unayoishuku pamoja na nyota tatu au nne za jirani, urudie wiki ijayo. Nyota zitabaki katika umbo lile lile. Sayari itakuwa imehama.

Na mtego wa mwezi huu: saa 2 usiku utaona nyota nyekundu juu, upande wa kusini. Siyo Mirihi. Ni nyota Antares, iliyo kifuani pa Nge, kundi la nyota lenye umbo la mdudu huyo. Ukitazama vizuri utaona mkia wa nge umejikunja kushoto chini yake. Mirihi haipo kabisa angani jioni hadi mwakani.

Swali: Wakuu, mimi ni mvuvi wa dagaa, Nansio, Ukerewe. Wakati wa giza tunakesha ziwani. Karibu na alfajiri naona nyekundu moja mashariki. Je, hiyo ndiyo Mirihi? Na kuna nyingine yoyote ya usiku wa manane?

Jibu: Inaweza kuwa Mirihi, na inaweza isiwe, kaka. Mwezi huu alfajiri una nyekundu tatu upande mmoja, na Mirihi ndiyo hafifu kuliko zote. Tafuta kwanza Kilimia, kile kikundi kidogo cha nyota. Nyekundu inayokifuata kwa karibu ni Aldebaran. Chini zaidi, upande wako wa kulia ukitazama mashariki, ni Betelgeuse, bega la Jabari, lile kundi la nyota liitwalo pia Orion. Mirihi ni ile ya tatu, kushoto kwa Betelgeuse. Katikati ya Agosti inachomoza kama saa 9 na nusu usiku, na ikifika saa 11 alfajiri imeshafika ngumi 2 na zaidi. Ukiwa na shaka, rudi baada ya siku 7: Mirihi itakuwa imesogea karibu nyuzi 5 kuelekea upeo wa mashariki, upana wa vidole vitatu vya kati, na zile nyingine mbili hazitakuwa zimeachana hata kidogo.

Ya usiku wa manane ni Zohali. Ina rangi ya manjano iliyofifia, imetulia, na sehemu iliyopo haina nyota kali za kukuchanganya. Katikati ya mwezi huu inachomoza saa 4 usiku, mwanzoni mwa Septemba saa 3, na Oktoba 4 itakuwa mkabala na Jua: inatoka mashariki Jua likizama, inakesha na ninyi, na inazama kunapokucha.

Mshtarii ilipita nyuma ya Jua mwishoni mwa Julai, ndiyo maana huioni. Mwisho wa Agosti itaanza kuchomoza kama saa 11 alfajiri, na kila mwezi itawahi kwa saa mbili hivi. Weka alama tarehe 16 Novemba. Usiku huo Mirihi na Mshtarii zitakuwa zimeachana kwa nyuzi 1 na kidogo tu. Ukinyoosha mkono, kidole chako cha mwisho kitakaribia kuziba nafasi iliyo kati yao. Zitachomoza karibu saa 7 usiku. Halafu Februari 2027 zote mbili zitakuwa mkabala na Jua, Mshtarii karibu na tarehe 10 na Mirihi tarehe 19, kwa hiyo mwezi mzima zitatoka mashariki pamoja mapema jioni. Huo ndio mwezi wa kuwaamsha watoto, au tuseme wa kuchelewa kuwalaza.

Kwa kuwa uko nje saa hizo, jambo moja lisilo la sayari: alfajiri ya Agosti 28 Mwezi utapatwa. Kivuli kitaanza kuumega saa 11:34, na utakapozama magharibi mnamo saa 12:45 sehemu yake kubwa itakuwa imefunikwa.

Swali: Kwenye kundi letu la WhatsApp umetumwa ujumbe kwamba sayari zitajipanga mstari mmoja na kutakuwa na giza siku tatu. Mwingine unasema Mirihi itaonekana kubwa kama Mwezi. Mama yangu ameanza kununua mishumaa. (Msomaji, Igoma)

Jibu: Mishumaa haiozi, itamfaa umeme ukikatika. Sayari huwa kwenye mstari siku zote, kwa sababu zote hulizunguka Jua karibu katika bapa moja; tofauti ni ngapi zimeangukia upande unaoonekana kwa saa moja. Hazina uwezo wa kulizima Jua. Zuhura ndiyo kubwa kuliko zote zinazoweza kupita mbele yake, na ilipopita Juni 2012 ilionekana kama kitone cheusi tu.

Ujumbe wa Mirihi ni mzee. Ulianza na tukio la kweli: tarehe 27 Agosti 2003 Mirihi ilitukaribia hadi kilomita milioni 55.8. Hata siku hiyo upana wake ulikuwa sekunde za tao 25, na Mwezi una 1,800 na ushee. Yaani mara 70 ndogo. Tangu hapo ujumbe unafufuka kila Agosti bila kubadilishwa hata koma. Mwaka huu Agosti Mirihi iko mbali na ni hafifu kuliko kawaida yake.

Swali: Nimeona dukani darubini imeandikwa kwenye boksi "mara 525", ina lenzi ya milimita 70. Je, nitaona pete za Zohali? Ninunue hiyo au ile ya macho mawili? (Mwalimu wa sekondari, Nyegezi)

Jibu: Mwalimu, hiyo 525 isikuvutie, na wala isikufukuze. Kikomo cha ukuzaji unaofaa ni kama mara mbili ya upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Milimita 70 ni mara 140, tena kwa usiku uliotulia. Ukipita hapo unakuza ukungu. Lakini darubini yenyewe, ikiwa lenzi ni ya kioo na stendi haiyumbi, itakuonyesha mengi.

Ukuzaji unaupata kwa kugawanya urefu wa fokasi wa bomba (umbali kutoka lenzi hadi pale miale inapokutana, kwa milimita) kwa ule wa lenzi ya jicho. Tuseme bomba limeandikwa 700. Lenzi ya jicho ya milimita 25 inakupa mara 28. Ya milimita 10, mara 70. Ya milimita 4, mara 175. Wengi huanza na ile ya 4 kwa sababu ndiyo yenye namba kubwa, na hapo ndipo darubini inapoishia juu ya kabati. Kwenye mara 28 sayari inachukua kama dakika 7 kukatiza duara unaloliona. Kwenye mara 175 inakatiza kwa dakika moja hivi, na kila ukigusa bomba picha inatetemeka, hivyo muda unaisha kabla hujaiona. Anza na ya 25 daima, iweke sayari katikati, ndipo ubadilishe kwenda ya 10.

Ile darubini ndogo ya kulengea iliyo ubavuni hairekebishwi usiku. Irekebishe mchana: elekeza bomba kubwa kwenye ncha ya mnara wa simu ulio umbali wa kilomita moja au zaidi, kisha zungusha skrubu za ile ndogo hadi alama yake ikae kwenye ncha hiyo hiyo. Geuzia Jua mgongo unapofanya hivyo. Jua kupitia darubini linaharibu jicho kwa muda mfupi kuliko unavyoweza kulifumba, kwa hiyo wanafunzi wasiachwe nayo mchana peke yao.

Stendi usiivute miguu yake yote. Fupisha, kaa kwenye kiti, na utundike mfuko wa kokoto katikati ya miguu. Darubini itoke nje nusu saa kabla ya kutumika ili ilingane joto na hewa. Kuna kosa la kimwanza hapa: watu hupanda juu ya mawe kwa sababu kuna mandhari. Yale mawe yameota jua kutwa nzima, na jioni yanapumua joto hilo juu. Sayari inayotazamwa kupitia joto hilo inachezacheza kama iko chini ya maji. Paa la bati la jirani ni hivyo hivyo, ingawa bati hupoa mapema na mawe yanaweza kuendelea hadi saa 4 usiku. Kaa kwenye majani au udongo. Dirisha la kioo usilitumie kabisa, hata likiwa safi.

Unyevu wa ziwa utakuletea umande kwenye lenzi ya mbele. Usifute, utaikwaruza. Kunja karatasi ngumu iwe bomba lenye urefu wa sentimita 15 hivi, livike mdomoni mwa darubini. Litachelewesha umande kwa muda mrefu.

Sasa pete. Kwa mara 28 utaona kitu chenye mkono kila upande, kwa mara 70 utaiona pete yenyewe. Usitegemee picha za vitabuni mwaka huu: Machi 2025 pete zilitugeuzia ukingo, na bado ni nyembamba, kama sindano iliyochomekwa kwenye mtama. Kila mwaka zitazidi kufunguka.

Kuhusu ile ya macho mawili, kama fedha inatosha kitu kimoja na stendi ya dukani inayumba, chukua ya macho mawili iliyoandikwa 10x50. Namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni upana wa lenzi. Pete haitakuonyesha, lakini itakupa hilali ya Zuhura kuanzia mwisho wa Septemba (itazame mapema, anga likiwa bado na buluu, maana gizani mwanga wake unachoma) na miezi minne ya Mshtarii, ile ambayo Galileo Galilei aliiona Januari 1610: Io, Europa, Ganymede na Callisto. Egemeza viwiko ukutani. Io inamaliza mzunguko kwa siku 1.8 na Callisto kwa karibu 17, hivyo wanafunzi wakichora kila usiku kwa wiki mbili, watazitenganisha wenyewe bila kuambiwa. Kwa darasa, zoezi hilo lina faida kuliko pete.

Swali: Zebaki je? Naisoma tu. (Ilemela)

Jibu: Subiri Oktoba. Tarehe 12 itafika nyuzi 25 kutoka kwenye Jua upande wa jioni, na siku kama 10 kabla au 5 baada yake zinafaa pia. Jua litakuwa linazama kama saa 12:40. Saa 1:10 tazama magharibi, ngumi moja na nusu juu ya maji, kushoto kidogo ya pale jua lilipozama. Zuhura nayo itakuwa upande huo, chini zaidi na kali zaidi. Zebaki ni ile ndogo ya juu yake. Una kama nusu saa ya kuitazama vizuri. Lazima uone upeo wa ziwa wenyewe, si vilima vya ng'ambo, kwa hiyo mtu wa Igombe ana nafasi nzuri kuliko wa mjini. Oktoba mvua za vuli zinaanza, basi jipe jioni kadhaa, siyo moja. Jioni inayofuata mvua ya mchana ndiyo safi kuliko zote kwani vumbi na moshi wa mashamba vimeoshwa. Radi zikianza kumulika ziwani, shuka kutoka kwenye mawe.

Swali: Juzi tumeona taa nyingi zimefuatana mstari mmoja kama treni, kimya kabisa. Sayari? (Wasomaji, Kayenze)

Jibu: Hapana. Ni setilaiti za intaneti zilizorushwa pamoja siku chache kabla na hazijatawanyika. Huonekana saa moja au mbili baada ya jua kuzama au kabla halijachomoza, kwa sababu huko juu bado zinapigwa na jua, na hupotea ghafla katikati ya anga zikiingia kwenye kivuli cha Dunia. Baada ya wiki chache zinapanda juu zaidi, zinaachana, na mstari hauonekani tena.